Uwiano wa Moli: Kukokotoa Tungamo katika Mmenyuko wa Kemikali

Swali la kukokotoa tungamo huwapotezea alama watahiniwa wengi wanaojua vizuri kuzidisha na kugawanya. Kosa lao ni moja: wanalinganisha gramu kabla ya kuhesabu moli. Ukilishika somo hili, swali hilo litakuwa la kukupa alama, si la kukunyang'anya.

Jambo la kushika

Namba zilizo mbele ya fomula katika mlinganyo uliosawazishwa hulinganisha moli. Hazilinganishi gramu wala kilo.

Hatua nne

1. Andika mlinganyo na uusawazishe.
2. Badili tungamo ulilopewa liwe moli: moli = tungamo ÷ tungamo la moli moja.
3. Tumia uwiano wa moli kupata moli za kitu unachoulizwa.
4. Zibadili moli hizo ziwe tungamo: tungamo = moli × tungamo la moli moja.

Katika mifano yote tumia H = 1, C = 12, O = 16, Cl = 35.5, Ca = 40.

Mfano wa 1: Tanuri la chokaa

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo nayo hupatikana kwa kuchoma mawe ya aina hiyohiyo. Sehemu kubwa ya jiwe la tumbawe ni kalsiamu kabonati.

*Swali:* Fundi amechoma kilo 500 za mawe hadi yakaiva yote. Atapata kilo ngapi za chokaa (CaO)? Chukulia kuwa mawe ni CaCO₃ tupu.

Hatua ya 1: CaCO₃ → CaO + CO₂

Hatua ya 2: Moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + (3 × 16) = gramu 100. Kilo 500 ni gramu 500,000.
Moli = 500,000 ÷ 100 = 5,000

Hatua ya 3: CaCO₃ : CaO ni 1 : 1. Kwa hiyo CaO ni moli 5,000.

Hatua ya 4: Moli moja ya CaO ni 40 + 16 = gramu 56.
Tungamo = 5,000 × 56 = gramu 280,000 = kilo 280

Uwiano ni 1 : 1, lakini kilo 500 hazikutoa kilo 500. Kilo 220 zilizobaki zimetoka na moshi zikiwa kaboni dioksaidi (5,000 × 44). Jihakiki: 280 + 220 = 500. Ndiyo maana jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi kuliko lilivyoingia tanurini.

Mfano wa 2: Kuitia maji chokaa

*Swali:* Zinahitajika kilo ngapi za maji ili kilo 280 za CaO zigeuke zote kuwa Ca(OH)₂?

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Moli za CaO ni 5,000. Uwiano ni 1 : 1, basi maji ni moli 5,000.
Tungamo = 5,000 × 18 = gramu 90,000 = kilo 90, yaani takriban lita 90.

Kazini fundi hutia maji zaidi ya hayo, kwa sababu mmenyuko huu hutoa joto kali na maji mengine huondoka kama mvuke. Maji yakipungua, punje za CaO hubaki ndani ya chokaa, kisha zinakutana na unyevu zikiwa tayari ukutani. Hapo huvimba na kuitoboa lipu. Hesabu hii, basi, haiishii kwenye karatasi ya mtihani.

Mfano wa 3: Uwiano usio 1 : 1

*Swali:* Gramu 25 za CaCO₃ zinahitaji gramu ngapi za HCl ili ziishe zote?

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Moli za CaCO₃ = 25 ÷ 100 = 0.25
CaCO₃ : HCl ni 1 : 2, kwa hiyo HCl = 0.25 × 2 = moli 0.5
Tungamo = 0.5 × 36.5 = gramu 18.25

Mtahiniwa mwenye haraka huona ile 2 akaandika 25 × 2 = gramu 50. Ameuweka uwiano kwenye gramu badala ya moli, na jibu limepotea.

Tahadhari

- Mlinganyo usiosawazishwa huharibu kila kinachofuata.
- Kilo zigeuze gramu kwanza, na jibu ulirudishe katika kipimo kilichoulizwa.
- Onyesha kila hatua. Ukikosea kuzidisha mwishoni, njia yako bado inaweza kukupatia alama.

Jipime

1. Ili kupata kilo 112 za CaO, zichomwe kilo ngapi za CaCO₃?
2. Kilo 500 za mawe zina CaCO₃ asilimia 80 tu. Zitatoa kilo ngapi za CaO?
3. Ca(OH)₂ + 2HCl → CaCl₂ + 2H₂O. Gramu 7.4 za Ca(OH)₂ zinahitaji gramu ngapi za HCl?
4. Ukutani, chokaa hukauka na kuwa ngumu hivi: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Kilo 370 za Ca(OH)₂ zitatoa kilo ngapi za CaCO₃?

*Majibu:* (1) kilo 200; (2) kilo 224; (3) gramu 7.3, (4) kilo 500.

Litazame tena jibu la nne. Ni kilo zilezile 500 tulizoanza nazo tanurini: jiwe lilichomwa, likatiwa maji, likapakwa ukutani, likarudi kuwa jiwe. Kilo zilibadilika kila hatua, lakini moli za kalsiamu zilikuwa 5,000 mwanzo hadi mwisho. Hesabu moli kwanza; gramu zitafuata.