Goma: Swichi ya rimoti inayoweza kunusuru vidole vya watoto

Katika mtaa wa Katoyi, komini ya Karisimbi jijini Goma, nyumba zimebanana juu ya mawe ya volkano na watoto huchezea mlangoni. Mwenye ndege ndogo ya rimoti mahali kama hapo lazima ajue kwanza ataizimaje injini.

Swichi nyingi za rimoti hubaki pale zilipowekwa. Lakini ipo yenye springi, ambayo ukiiachilia hurudi yenyewe. Kuzimia injini kwa hiyo ni hatari: kidole kikiteleza, pangaboi laweza kuzunguka tena.

Kwa fundi aliyezoea kuchomelea redio, kubadilisha swichi si kazi kubwa. Hutoa betri, hufungua rimoti, hulegeza nati, kisha huchomelea nyaya kwenye swichi mpya. Ya hatua tatu kwa kawaida hutaka waya mmoja zaidi.

Wengi hukwama baadaye, kwenye programu. Katika EdgeTX, kwa mfano, ni lazima kutaja aina ya swichi iliyowekwa, la sivyo hatua ya katikati haitambuliki.

Majaribio hufanywa pangaboi likiwa limeng'olewa.