Kasi kwa Masharti Gani? Misingi ya Kulinganisha Kasi ya Programu za Kubana Video katika Kompyuta Tofauti

Ikisiri

Matokeo ya kulinganisha kasi ya programu za kubana video kwa kawaida hutolewa kwa namba moja, yaani fremu kwa sekunde. Makala haya yanajenga hoja kwamba namba hiyo, ikisimama peke yake, haielezi kasi ya kompyuta wala ya programu, kwa kuwa programu ya kubana ina uhuru wa kujipunguzia kazi. Kwa kutumia mfano wa programu ya x264, makala yanafafanua chanzo cha uhuru huo, yanabainisha mambo manne ya kompyuta yanayobadili matokeo, na yanaonesha kwa hesabu namna kipimo kisicho na masharti kinavyoweza kuipotosha taasisi inayohifadhi kanda za zamani. Mwisho, yanapendekeza utaratibu wa upimaji unaoweza kurudiwa na mtafiti mwingine.

1.0 Utangulizi

Fremu moja ya video yenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha pikseli 1,080, ikihifadhiwa kwa biti 8 huku kila moja ya taarifa mbili za rangi ikipunguzwa hadi robo, huchukua baiti 3,110,400. Sekunde moja yenye fremu 25 za aina hiyo huchukua takribani megabaiti 78, na saa nzima huchukua takribani gigabaiti 280. Ndiyo sababu karibu kila video inayotazamwa katika simu, televisheni au intaneti imebanwa kabla ya kumfikia mtazamaji.

Ubanaji ni kazi nzito kwa prosesa. Kwa sababu hiyo, umekuwa kipimo kinachopendwa na wanaotaka kujua kompyuta ipi ina nguvu zaidi: faili moja hubanwa katika kompyuta mbili, muda huandikwa, kisha kompyuta iliyomaliza mapema hutangazwa kuwa bora. Utaratibu huu unaonekana kuwa wa haki. Hata hivyo, swali linalopaswa kutangulia mara nyingi halijibiwi: je, kompyuta hizo mbili zilifanya kazi ileile?

2.0 Uhuru wa Programu ya Kubana

Kiwango cha H.264, kilichoidhinishwa mwaka 2003 na ITU-T pamoja na ISO/IEC, kinaeleza muundo wa data iliyobanwa na namna ya kuifungua. Hakielezi namna ya kuibana. Programu yoyote inayozalisha data inayoweza kufunguliwa kwa kanuni hizo imekidhi kiwango, hata kama imebana vibaya. Huu ndio msingi wa mjadala wote wa kasi.

Kazi yenyewe hufanyika kwa hatua. Programu huigawa fremu katika bloku za pikseli 16 kwa 16. Kwa kila bloku, hutafuta katika fremu nyingine eneo linalofanana nayo, ili ihifadhi mwelekeo wa mjongeo na tofauti ndogo iliyobaki badala ya kuhifadhi bloku nzima. Tofauti hiyo hubadilishwa kihisabati, hupunguzwa usahihi wake, kisha huandikwa kwa biti chache iwezekanavyo. Kati ya hatua hizi, utafutaji hauna mwisho wa asili. Programu inaweza kuridhika na eneo la kwanza linalofaa, au ikapekua fremu nyingi ikitafuta linalofaa zaidi. Kadiri inavyotafuta zaidi, ndivyo faili inavyoweza kuwa dogo kwa ubora uleule, na ndivyo muda unavyoongezeka.

Programu huria ya x264, inayoendelezwa chini ya mradi wa VideoLAN, imeudhihirisha uchaguzi huu kwa kuwapa watumiaji seti kumi za mipangilio. Seti ya haraka kuliko zote, ultrafast, hurejelea fremu moja tu, haitumii fremu za B, ambazo hukadiriwa kutokana na fremu za kabla na za baada, huzima kichujio kinacholainisha mipaka ya bloku, na huacha mbinu ya CABAC ambayo hupunguza biti katika hatua ya kuandika. Seti ya veryslow huruhusu hadi fremu 16 za rejea na hadi fremu 8 za B zinazofuatana. Anayesema kwamba kompyuta yake inabana kwa fremu 200 kwa sekunde bila kutaja seti aliyotumia hajaeleza jambo linaloweza kulinganishwa na lingine.

3.0 Kasi, Ukubwa na Ubora

Kutokana na maelezo hayo, ubanaji una mambo matatu yanayovutana: kasi, ukubwa wa faili na ubora wa picha. Ili moja lipimwe, mawili yaliyobaki sharti yadhibitiwe. Makosa mengi hutokea pale mtafiti anapodhani ameyadhibiti ilhali hajafanya hivyo.

Mfano ulio wazi ni mpangilio wa CRF wa x264, ambao thamani yake ya kawaida ni 23. Mpangilio huu huiagiza programu kulenga kiwango fulani cha ubora na kuuacha ukubwa wa faili ubadilike. Ni rahisi kudhani kwamba CRF 23 katika seti ya ultrafast na CRF 23 katika seti ya slow huzalisha ubora uleule. Sivyo. Kubadili seti hubadili maamuzi ya ndani yanayoipa namba hiyo maana yake, hivyo ukubwa na ubora vyote huweza kubadilika kwa pamoja. Ubora hauna budi kupimwa baada ya kubana, kwa vipimo kama PSNR, SSIM au VMAF, badala ya kukisiwa kutokana na mpangilio. Mbinu iliyopendekezwa na Gisle Bjøntegaard mwaka 2001, ya kulinganisha mikunjo ya ubora na kiwango cha biti badala ya nukta moja, bado inatumika sana kwa sababu inaliepuka kosa hili.

Hapa ni muhimu kutenganisha maswali mawili. Swali la kwanza linahusu programu mbili katika kompyuta moja: ipi hufikia ubora na ukubwa uliowekwa kwa muda mfupi zaidi? Swali la pili linahusu kompyuta mbili zinazotumia programu moja: ipi humaliza kazi ileile mapema? Katika swali la pili, usawa wa kazi unaweza kuthibitishwa moja kwa moja kwa kulinganisha mafaili yaliyozalishwa. Yakiwa sawa baiti kwa baiti, kazi ilikuwa moja. Hata hivyo, kwa kawaida x264 huweza kuchagua algoriti tofauti kulingana na prosesa, na idadi ya nyuzi za utekelezaji nayo huweza kubadili matokeo. Programu hiyo ina chaguo la --cpu-independent kwa ajili ya anayehitaji matokeo yasiyotegemea aina ya prosesa. Mpimaji asiyelitumia anapaswa angalau kuripoti ukubwa na ubora wa faili la kila kompyuta.

4.0 Mambo Manne ya Kompyuta Yanayobadili Matokeo

4.1 Amri za vekta

Kupima ufanano wa bloku mbili ni kutoa na kujumlisha mamia ya namba ndogo. Prosesa za sasa zina amri zinazoshughulikia namba nyingi kwa mpigo, kama vile AVX2 kwa upande wa Intel na AMD, na NEON kwa upande wa Arm. Sehemu nzito za x264 zimeandikwa kwa lugha ya asembli ili zitumie amri hizo. Programu ileile ikijengwa bila sehemu hizo hupungua kasi mno, ingawa jina na toleo havibadiliki. Tatizo hili lilijitokeza kwa namna nyingine mwaka 2020, Apple ilipotoa kompyuta zenye prosesa ya M1. Programu zilizojengwa kwa ajili ya prosesa za Intel ziliendeshwa kupitia mfasiri wa Rosetta 2, ambao wakati huo haukutafsiri amri za AVX. Aliyepima kwa njia hiyo alipima prosesa pamoja na mfasiri wake.

4.2 Idadi ya viini

Mwaka 1967 Gene Amdahl alitoa hoja kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika huweka ukomo wa kasi hata wasaidizi wakiongezwa. Ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini 8 huongeza kasi mara 4.7 tu, na viini 16 mara 6.4, hata viini visivyo na idadi haviwezi kuvuka mara 10. Katika ubanaji ukomo huu hutegemea pia kimo cha picha. Programu ya x265, inayotumia kiwango cha H.265 cha mwaka 2013, huweza kuigawa fremu katika safu za bloku zenye kimo cha hadi pikseli 64, kila safu ikisubiri iliyo juu yake itangulie kidogo. Fremu yenye kimo cha pikseli 1,080 ina safu 17, ilhali yenye kimo cha pikseli 576 ina safu 9 tu. Kwa hiyo, kompyuta yenye viini vingi inaweza kuonekana dhaifu kwa sababu tu imepewa picha ndogo.

4.3 Joto

Prosesa nyingi huanza kazi kwa kasi ya juu, kisha hupunguza mwendo joto linapopanda. Hali hii huonekana zaidi katika kompyuta za mkononi, ambazo feni zake ni ndogo na ambazo huweza kupunguza kasi zaidi zinapotumia betri. Jaribio la sekunde 30 hupima mwanzo huo, nalo halitabiri kazi ya usiku kucha.

4.4 Diski

Video isiyobanwa ikitumiwa kama chanzo, kompyuta inayobana fremu 100 kwa sekunde huhitaji kusoma takribani megabaiti 311 kila sekunde. Kasi hiyo inazizidi diski nyingi za kuzunguka. Prosesa mbili zenye uwezo tofauti zinaweza kutoa matokeo yanayolingana kwa sababu zote mbili zinaisubiri diski. Kwa upande mwingine, chanzo kilichokwisha kubanwa huongeza kazi ya kukifungua, nayo huingia katika muda uliopimwa.

5.0 Athari kwa Hifadhi ya Kanda

Umuhimu wa masharti haya unaweza kuoneshwa kwa mfano wa kukadiria. Ichukuliwe kwamba kitengo cha hifadhi kina saa 2,000 za kanda za mfumo wa PAL, uliotumika katika utangazaji wa analojia nchini Tanzania na Kenya. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 180,000,000. Kwa kasi ya fremu 50 kwa sekunde, ubanaji utachukua takribani siku 42 bila kupumzika. Kwa kasi ya fremu 10, utachukua takribani siku 208.

Mbele ya tofauti hiyo, msimamizi wa hifadhi atashawishika kununua kompyuta mpya au kuhamia seti ya mipangilio ya haraka zaidi. Uamuzi wa kwanza unaweza kuwa wa bure. Picha za PAL zina mistari 576, hivyo viini vya ziada huenda visipate kazi ya kutosha katika faili moja. Kubana mafaili manne kwa wakati mmoja katika kompyuta iliyopo kunaweza kuleta nafuu bila gharama. Uamuzi wa pili ni wa hatari zaidi. Kwa kiwango cha biti milioni 4 kwa sekunde, saa 2,000 huchukua terabaiti 3.6. Seti ya haraka ikihitaji biti zaidi kwa asilimia 20 ili kuulinda ubora uleule, terabaiti 0.72 huongezeka. Nafasi isipoongezwa, upungufu hulipwa kwa ubora wa picha.

Kwa nakala mama, njia salama ni ubanaji usiopoteza taarifa, kama ule wa FFV1 ulioelezwa katika waraka wa RFC 9043 mwaka 2021. Lakini pale nafasi ya kuhifadhi inapokosekana, nakala iliyobanwa kwa kupoteza taarifa ndiyo hubaki, huku kanda ikichakaa na mashine za kuichezesha zikiadimika. Siku zilizookolewa husahaulika. Kilichofutwa katika picha hakirudi.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, ripoti ya ulinganisho inapaswa kutaja toleo la programu na namna lilivyojengwa, amri kamili iliyotumika, idadi ya nyuzi, aina ya prosesa na diski, pamoja na chanzo cha video. Chanzo kinachopatikana kwa umma, mfano filamu huria ya Big Buck Bunny iliyotolewa na Blender Foundation mwaka 2008, humwezesha mtafiti mwingine kurudia jaribio. Hata hivyo, filamu hiyo ni ya katuni za kompyuta na haina chenga za kanda; anayepima kwa ajili ya hifadhi aongeze sampuli ya kanda zake. Jaribio lidumu hadi joto litulie na lirudiwe angalau mara tano. Thamani ya kati iripotiwe pamoja na ya juu na ya chini. Muda, ukubwa na ubora viwekwe katika jedwali moja. Pale kazi halisi inapohusu mafaili mengi, mafaili kadhaa yabanwe kwa pamoja na jumla ya fremu kwa sekunde ipimwe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kasi ya kubana video ni uhusiano kati ya kompyuta, programu, mipangilio na picha yenyewe. Kiwango cha kimataifa kimeuacha utafutaji kuwa huru, na kwa hiyo programu inaweza kwenda haraka kwa kufanya kazi pungufu. Kompyuta mbili zinaweza kulinganishwa kwa haki pale tu inapothibitishwa kwamba zilipewa kazi moja na zikaikamilisha kwa kiwango kimoja. Bila uthibitisho huo, namba kubwa inaweza kuwa ushahidi wa kompyuta bora, au wa picha iliyoharibiwa upesi.