Kwa Nini Sikukuu za Dini Huhamahama?

Miongoni mwa maswali yaulizwayo mara nyingi watu wa dini mbalimbali wakutanapo sokoni, garini au ofisini, moja ni hili la sikukuu. Mkristo hushangaa kuona Idd el Fitr yaangukia mwezi mmoja, na baada ya miaka michache yaangukia mwezi mwingine kabisa. Mwislamu naye huuliza kwa nini Krismasi ina tarehe yake isiyobadilika, hali Pasaka ya Wakristo hao hao haina makao. Wako wadhanio kwamba hiyo ni dalili ya machafuko katika dini ya jirani. Sivyo hata kidogo. Kila dini ina hesabu yake yenye sababu zake, na mtu akizijua sababu hizo ataona kwamba karibu zote zatazama mwezi ule ule mmoja.

Siku kumi na moja

Tangu mwezi kuandama mpaka kuandama tena ni siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 ya namna hiyo yafanya siku 354. Lakini jua, ambalo kwalo majira hufuatana, humaliza mwaka wake kwa siku 365 na karibu robo. Basi mwaka wa mwezi umepungukiwa na siku 11 hivi. Hapo ndipo njia zigawanyikapo, maana kila dini imepaswa kujibu swali moja: siku hizi 11 zifanyweje?

Waislamu huziacha zipite. Kurani, katika Sura ya 9, yaweka miezi kuwa 12, nayo yakemea desturi ya Waarabu wa kale ya kuahirisha miezi mitukufu. Kwa hiyo Ramadhani hutangulia siku 11 hivi kila mwaka, na kwa muda wa miaka 33 hivi huwa imezunguka majira yote. Katika mwaka 2000 Idd el Fitr ilisherehekewa mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mzunguko huu una haki ndani yake. Katika nchi za kaskazini mchana wa majira ya joto ni mrefu mno, na wa majira ya baridi ni mfupi. Lakini hakuna watu watakaofunga katika siku ndefu maisha yao yote. Sisi tukaao karibu na ikweta hatuoni tofauti hiyo, kwa kuwa mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima.

Mayahudi walichagua njia nyingine. Pasaka yao, ambayo ni ukumbusho wa kutoka Misri, sharti iwe katika majira ya shayiri kuiva, nayo huanza mwezi unapokuwa mpevu. Ili isipotee na kuingia majira mengine, huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Wahindu nao huongeza mwezi, karibu kila mwaka wa tatu. Ndiyo sababu Diwali huhama, lakini haitoki katika Oktoba na Novemba. Husherehekewa usiku wa giza usio na mwezi, ndipo taa nyingi huwashwa majumbani.

Krismasi na Pasaka

Wakristo wanazo hesabu zote mbili. Krismasi hufuata jua, kwa hiyo tarehe yake haibadiliki. Bali Yesu aliteswa wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, na kwa sababu hiyo Pasaka ya Kikristo haikuweza kuachana na mwezi. Mwaka 325 maaskofu waliokutana Nikea waliamua kwamba Wakristo wote waishike siku moja. Kanuni ifuatwayo na wengi ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au unaofuata tarehe hiyo. Hivyo Pasaka haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili.

Dini moja, siku mbili

Mtu aweza kuuliza: mbona hata wenye dini moja hawapatani siku? Kwa upande wa Wakristo, Papa Gregory XIII alisahihisha kalenda mwaka 1582, lakini makanisa mengi ya Kiorthodoksi yaliendelea kuipigia Pasaka hesabu ya kale. Mwaka 2024 Wakatoliki na Waprotestanti waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi, na Waorthodoksi tarehe 5 Mei. Mwaka 2025 wote walikutana tarehe 20 Aprili.

Kutojua jambo hili kwaweza kumdhuru mtu. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, tarishi Mworthodoksi aliomba ruhusa ya Ijumaa Kuu, hali Ijumaa Kuu ya wengine ilikwisha kupita majuma kadhaa. Mkuu wa makarani akamwuliza, "Je, Bwana Yesu alisulubiwa mara ngapi?" Watu wakacheka. Yule tarishi alikwenda kanisani kwake, akakatwa mshahara wa siku ile, na kwa muda mrefu akahesabiwa kuwa mwongo. Kumbe alisema kweli tupu.

Kwa upande wa Waislamu, mwezi huwa na siku 29 au 30, na wengi hungoja mwandamo uonekane. Hapa Kenya hungojea tangazo la Kadhi Mkuu. Lakini wako wafuatao habari za kuonekana kwa mwezi Saudia. Ndiyo maana pengine nyumba moja huwa katika Idd, na ya jirani ingali katika saumu.

Wazee wa pwani walilielewa jambo hili zamani. Kwa ibada walifuata mwezi. Bali kwa kulima na kusafiri baharini walikuwa na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, wakiuhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Hesabu mbili zilikaa katika kichwa kimoja bila ugomvi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kutazama mwezi mmoja ni kuamini jambo moja. Mwislamu hakubali kwamba Yesu alikufa msalabani, wala Myahudi hakubali kwamba alifufuka. Tofauti hizo ni kubwa, na si adabu kuzificha. Lakini kumwuliza jirani sababu ya sikukuu yake si kuiacha dini yako. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema usiulize msala ule watandikwa lini, na kwa nini.