SHULE ICHAGUE MACHACHE, NA MACHACHE HAYO YAWE MAZOEA

Kila mwaka Kamati za Shule zetu za msingi hukaa pamoja na walimu kutengeneza mpango wa maendeleo wa shule. Mambo yanayotakiwa kutangulizwa huandikwa na kutiwa sahihi, nakala hupelekwa kwa wakubwa, na nyingine hubandikwa ukutani katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Desturi hii ni njema, nasi hatuna ugomvi nayo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, wazazi wa kijijini wamepewa nafasi ya kukaa na walimu na kuamua fedha ya shule itumike kwa jambo gani. Hilo ni jambo la heshima, wala hapana mtu mwenye akili atakayetaka kulirudisha nyuma.

Lakini yafaa tujiulize swali moja. Karatasi ile ikisha kubandikwa, hufanya kazi gani?

Tuliwahi kuingia katika ofisi ya Mwalimu Mkuu wa shule moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, tukaisoma karatasi ya namna hiyo tulipokuwa tukimngojea mwenyewe. Tulihesabu mambo 17 ya kutangulizwa. Palikuwa na uzio, lango, bustani ya maua, rangi ya ofisi, mashindano ya michezo, na kupandisha kiwango cha kufaulu mtihani wa darasa la saba. Tulitafuta mahali palipoandikwa kwamba kila mtoto wa darasa la pili ajue kusoma kabla mwaka haujakwisha. Hatukupaona. Mwalimu Mkuu alipokuja tulimwuliza ni lipi kati ya hayo 17 lililotimia mwaka uliopita. Alicheka kidogo, akasema, "Ndugu zangu, tulijitahidi katika yote." Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii. Lakini wazee wetu walikwisha tuonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Basi mshika 17 atabaki na nini?

Hatusemi hayo kwa kumcheka mtu. Twasema kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa. Nchi yetu imefanya kazi isiyo ndogo ya kuwaingiza watoto shuleni. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa wapata 490,000, na wengi wao waliishia darasa la nne. Kufikia mwaka 1967 walikuwa wapata 825,000. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto apate elimu ya msingi. MMEM ulipokuja, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 hadi kiasi cha milioni 7.5 mwaka 2005. Tena mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watoto walimiminika hata madarasa yakafurika.

Kuingia shuleni ni jambo moja, na kujifunza ni jambo jingine. Mwaka 2011 uchunguzi wa Uwezo, uliofanywa kwa kuwapima watoto majumbani mwao, ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Na mwaka 2012 ikaonekana kwamba watoto zaidi ya 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Watoto hao walikaa shuleni miaka saba. Walivaa sare, wakaimba wimbo wa Taifa asubuhi, wakafagia uwanja, wakafanya mtihani, na wakatangazwa kuwa wamefaulu. Ni nani aliyewaibia? Hapana mwizi mmoja. Walipotea polepole, siku baada ya siku, machoni petu sote.

Baada ya hapo hatua zilichukuliwa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili mkazo uwe juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Lakini mtaala mwema ukifika katika shule isiyo na mazoea mema, hubaki kitabuni.

Sisi twaona kwamba kosa letu kubwa ni kupenda mambo yanayoonekana kutoka barabarani. Mwaka 2016 nchi nzima ilishikwa na kampeni ya madawati. Wakuu wa mikoa na wilaya waliyahesabu, kila mmoja aliogopa kuwa wa mwisho, na madawati yakapatikana kwa wingi. Mwaka 2021 ukaanza ujenzi wa vyumba 15,000 vya madarasa, vya sekondari na vya vituo shikizi. Kazi hizo zilikuwa za lazima, na waliozifanya wastahili shukrani. Funzo lake ni wazi: jambo likihesabiwa na kuulizwa kila wiki, hutendeka. Basi mbona mtoto anayejua kusoma hatumhesabu kama tulivyolihesabu dawati?

Kwa hiyo ushauri wetu kwa Kamati za Shule ni huu. Mwaka huu chagueni mambo matatu tu, na hayo matatu yafanywe kila siku mpaka yawe mazoea.

La kwanza ni kusoma. Kila siku ya shule itengwe robo saa, shule nzima, ambapo kila mtoto anasoma kwa sauti na mtu anamsikiliza. Robo saa ni kidogo, lakini mwaka wa shule una siku 194, na robo saa mara siku 194 ni zaidi ya saa 48 za kusoma. Haba na haba hujaza kibaba. Mahali ambapo watoto wa darasa moja wamepishana sana, wagawanywe kwa kipimo cha kile wanachoweza badala ya umri wao: wanaojua herufi peke yao, wanaosoma maneno peke yao, na wanaosoma hadithi peke yao. Huko India shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, lilifanya hivyo kwa watoto wa maskini wasio na vitabu vingi, na njia hiyo imeigwa katika nchi kadhaa za Afrika.

La pili ni saa. Shule ianze kwa wakati, na kila kipindi kianze kwa wakati, mwalimu akiwa darasani. Mtu atasema dakika 10 si kitu. Tuzihesabu. Dakika 10 kila siku kwa siku 194 ni dakika 1,940, yaani zaidi ya saa 32. Hizo ni kama siku tano nzima za masomo zilizoliwa pasipo mtu kuona. Hapa twasema na walimu kama ndugu. Daftari la mahudhurio linaweza kuonyesha kwamba mwalimu yumo shuleni, ilhali darasani hayumo. Mtoto naye hujifunza kuchelewa kwa kumtazama mkubwa anayechelewa.

La tatu ni kukumbuka. Yapo mazoea mema ya kujifunza ambayo hayahitaji fedha hata senti moja, nayo yamechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza katika muda mfupi asipokirudia. Na mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba waliojipima baada ya kusoma walikumbuka vizuri zaidi, wiki moja baadaye, kuliko wale waliosoma tena na tena tu. Maana yake kwa mwalimu wa shule ya msingi ni rahisi. Kila kipindi kianze kwa maswali matatu, vitabu vikiwa vimefungwa: moja la jana, moja la wiki iliyopita, na moja la mwezi uliopita. Watoto waandike majibu, kisha wasahihishwe papo hapo. Dakika tano zatosha. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo kila siku hatauogopa mtihani, wala hatangoja wiki ya mwisho kukariri usiku kucha.

Mambo haya matatu hayawezi kukaa shuleni peke yake, kwa maana mtoto hulala nyumbani. Wazazi wengi husema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto?" Twawajibu kwamba kumsikiliza mtoto akisoma hakuhitaji cheti. Mama anayesonga ugali aweza kumwambia mtoto, "Hebu nisomee ukurasa mmoja," kisha amwulize hadithi ilisema nini. Mtoto akishindwa kueleza, mama amekwisha jua kwamba kusoma kwenyewe hakujakamilika. Na baba aangalie kazi za jioni zinavyogawanywa. Mara nyingi binti ndiye ateke maji, aoshe vyombo na kumbeba mdogo wake, na ndugu yake wa kiume yuko uwanjani. Giza likiingia, binti hana mwanga wala nguvu. Tukitaka binti naye awe na mazoea ya kujifunza, hatuna budi kumpa muda wa kujifunza.

Wapo watakaotuambia kwamba maneno haya ni matamu gazetini, lakini darasa lina watoto zaidi ya 100 na mwalimu ni mmoja. Twakubali, tena twasema wazi kwamba mazoea mema hayaiondolei Serikali wajibu wake wa kuleta walimu, vitabu na vyumba. Mwalimu aliyeelemewa asibebeshwe lawama za watu wengine. Lakini twauliza: je, darasa la watoto 100 lisilo na mazoea si baya zaidi kuliko darasa la watoto 100 lenye mazoea? Watoto waliozoea kugawana makundi, wakubwa wakiwasikiliza wadogo, humpunguzia mwalimu mzigo.

Wengine watasema dawa ni fimbo. Hatukubaliani nao. Kanuni za mwaka 2002 zilisema adhabu ya viboko haiwezi kuzidi viboko vinne, na kwamba mwenye mamlaka ni Mwalimu Mkuu au yule aliyempa idhini. Wala hazikusema popote kwamba mtoto apigwe kwa kukosa jibu. Mtoto anayepigwa kwa kukosea huzoea kunyamaza, na mtoto anayenyamaza hawezi kufundishwa, kwa kuwa mwalimu hajui alipokwama.

Fedha nazo zifuate vipaumbele. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku iliwekwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo shilingi 6,000 zilikusudiwa kufika shuleni, zilizobaki zikiwa za vitabu. Kwa kiwango hicho, shule ya watoto 600 hupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Si fedha nyingi. Ndiyo sababu haziwezi kugawanywa katika mambo 17. Chaki, karatasi na vitabu vya hadithi vitangulie, na rangi ya lango ingoje.

Mwisho kuna kupima. Twashauri kwamba mwisho wa kila muhula Kamati ya Shule ikae darasani, na kila mtoto wa darasa la pili na la tatu asome aya moja mbele ya mwalimu wake na mjumbe mmoja. Asiyeweza asiaibishwe. Jina lake liandikwe katika daftari la mwalimu ili apate msaada. Lakini idadi ya wanaoweza ibandikwe ubaoni, mahali wazazi wote watakapoiona: muhula wa kwanza wangapi, muhula wa pili wangapi. Mjumbe asiyejua kuusoma mpango wa kurasa 20 ataielewa idadi hiyo mara moja, naye atauliza.

Haraka ya jambo hili imezidi kuliko zamani. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: miaka sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake, mtoto asiyejua kusoma amepunguziwa mwaka mmoja wa kunusurika katika shule ya msingi, naye atapelekwa mbele hata kama hakuelewa, akakutane na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza. Tusipomshika mkono katika darasa la pili, kidato cha kwanza hakitamshika.

Samaki mkunje angali mbichi. Enyi walimu, wazazi na wajumbe wa Kamati, itazameni tena karatasi iliyo ukutani. Futeni 14, bakizeni matatu, kisha kesho asubuhi kengele ikilia, anzeni na robo saa ya kusoma.