Barakoa kwa Umma: Nani Avae, Wapi na Lini?

Tarehe 15 Machi 2020, msafiri kutoka Ubelgiji alitua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, wilayani Hai, kati ya Moshi na Arusha. Alipimwa joto la mwili kama abiria wenzake, hakukutwa na homa, akaruhusiwa kuendelea na safari. Siku iliyofuata, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa kwamba huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kuthibitishwa nchini Tanzania.

Tukio hilo limebeba kiini cha mjadala wa barakoa. Laiti kila mwenye virusi angekuwa na homa na kikohozi, ingetosha kumvalisha barakoa mgonjwa peke yake. Lakini mtu aweza kutoa virusi kwa pumzi na mazungumzo siku moja au mbili kabla ya kujihisi mgonjwa, na wengine hawajihisi wagonjwa kabisa. Ndiyo maana swali la barakoa lilitoka wodini likafika sokoni, kanisani, msikitini na kwenye daladala.

Maswali mawili yaliyochanganywa

Mwanzoni wataalamu wenyewe walisita. Tarehe 6 Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa ushahidi wa kuwashauri watu wote wenye afya kuvaa barakoa haukutosha. Lilihofu pia kuwa barakoa za hospitali zingewapungukia watoa huduma. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo, shirika hilo lilishauri umma uvae barakoa za kitambaa, zenye tabaka tatu, mahali ambapo ugonjwa umeenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali. Wananchi wengi walikiona hicho kuwa kigeugeu, na hawastahili kulaumiwa, kwa kuwa maswali mawili yalikuwa yakijibiwa kana kwamba ni moja: je, barakoa humlinda aliyeivaa? Na je, huwalinda walio karibu naye?

Utafiti uliofanyika Denmark mwaka 2020, kwa washiriki wapatao 6,000, ulichunguza swali la kwanza pekee. Walioshauriwa kuvaa barakoa walioambukizwa walikuwa asilimia 1.8, na wasioshauriwa asilimia 2.1; tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati tu. Utafiti wa Bangladesh, uliohusisha vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000, ulitazama jamii nzima. Uvaaji ulipopanda kutoka asilimia 13 hadi 42, vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali vilipata upungufu wa asilimia 11 wa maambukizi yenye dalili yaliyothibitishwa kwa kipimo cha damu. Kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, upungufu ulifikia asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa, manufaa hayakuwa bayana.

Jibu la haki, basi, ni kwamba barakoa haizuii mlipuko peke yake, wala si pambo lisilo na kazi. Manufaa yake ni ya wastani, na wazee ndio huyapata zaidi.

Hewa ya mlimani na hewa ya ndani

Mkulima anayepalilia kahawa na migomba katika kihamba chake hahitaji barakoa. Upepo wa mlimani hutawanya pumzi yake mara moja. Hali hubadilika anapopanda daladala iliyojaa kuelekea Kibosho au Marangu mwezi Julai, ukungu umetanda na kila dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Hubadilika tena mwezi Desemba, wana wa Kilimanjaro wanaporudi kwa wingi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kisha kijana aliyesafiri usiku kucha ndani ya basi akaketi sebuleni na babu na bibi wenye kisukari au shinikizo la damu. Hapo barakoa ya kijana kwa siku chache za kwanza, pamoja na kuketi barazani badala ya sebuleni, ni namna ya heshima kwa wakubwa wake.

Fundisho la kifua kikuu

Mkoa huu haukuanza kuijua barakoa mwaka 2020. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920. Katika huduma hiyo mgonjwa huvaa barakoa ya kawaida ili kuzuia chembe anazotoa, naye mhudumu huvaa ya N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo za hewani.

Hata hivyo, barakoa inapovaliwa na wagonjwa pekee hugeuka kuwa alama. Mgonjwa anayeogopa macho ya majirani huivua getini mwa kliniki, akapanda gari bila kinga, pengine katika wiki zilezile za mwanzo wa dawa ambapo bado anaweza kuambukiza. Palipo na wengi waliovaa, barakoa haimtangazi mtu. Hii ni sababu ya kutosha ya kuwaomba wote waliomo kwenye chumba cha kusubiri wavae, hata baada ya mlipuko kupungua.

Ushauri huo uwe na utu. Watoto wa umri wa chini ya miaka mitano, na watu wenye shida ya kupumua, wasilazimishwe. Kwa kiziwi anayesoma midomo, mhudumu asogee penye hewa wazi na kushusha barakoa kwa muda, au aandike. Barakoa ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni kila siku, iliyolowa ibadilishwe, na ifunike pua, kwani ikikaa kidevuni haimsaidii yeyote.

Mlipuko mwingine wa ugonjwa wa njia ya hewa ukitokea, mhudumu wa zahanati aanze na mambo matatu: afungue madirisha, amhudumie mapema anayekohoa, na agawe barakoa kwa kila aingiaye bila kumchagua. Naye mgonjwa asione haya kumwomba jirani yake kwenye daladala afungue dirisha, hata kama nje kuna baridi.