Kujijua ukiwa mukubwa: si bulozi, si kiburi

Hapa kwetu, mutu asiyependa makelele, asiyeangalia wenzake machoni, anayetaka kila kitu kibaki pahali pake, tunamuita mwenye kiburi. Kama ni mutoto, wengine wanasema ni ndoki. Lakini inaweza kuwa otismu: ubongo wenye kupokea dunia kwa namna ingine. Haiambukize, na haitokane na malezi mabaya ya mama.

Munganga Leo Kanner aliandika juu yake mu mwaka 1943, kule Marekani, akieleza watoto 11. Kwa miaka mingi watu wakafikiri ni mambo ya watoto tu. Njo maana wengi wanakuja kujijua wakiwa wameisha kuzaa.

Tuangalie Chris Packham, mutangazaji wa televizio ya Uingereza anayeonyesha nyama na ndege wa pori. Alizaliwa mwaka 1961. Ku masomo, wenzake walimutesa. Rafiki yake alikuwa kipanga mudogo aliyemufuga akiwa na miaka 14. Yule ndege alipokufa, kijana alivunjika moyo kabisa. Akakomaa, akajulikana sana, lakini ndani alibeba muzigo bila kujua jina lake. Amesema wazi kwamba kuna wakati alifikiri kujiua. Ni mwaka 2005 tu, akiwa na miaka zaidi ya 40, njo alipoambiwa: ni otismu.

Mutu asiyejijua vile anafanya kazi mbili kila siku: ile ya mushahara, na ile ya kujificha. Anaiga namna wenzake wanacheka, namna wanasalimia. Kisha miaka, nguvu inaisha. Maneno inakataa kutoka, mwangaza unamuumiza, kazi aliyoizoea inamushinda. Mu mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliandika kwamba hali hii inaweza kukamata miezi 3 ao zaidi. Si kama uchovu wa poste ya usiku, wenye kwisha na usingizi. Na si uvivu.

Packham anaishi karibu na pori, pamoja na mbwa wake. Kati ya miti, hakuna mwenye kumuomba aige kitu. Pori haiponyeshe otismu, lakini inapumuzisha kichwa.

Sisi wenye kuishi na mashini ya kutoboa mawe, tunajua namna masikio inalia kisha kazi. Basi tufikirie yule ambaye kila sauti inamuingia mara mbili. Mama, kama baba anarudi na anakaa peke yake chini ya muembe bila kusema, usimukasirikie upesi. Mupe saa moja. Baba, kama mutoto wako anaziba masikio, usimupige.

Na kama mutu anasema amechoka kuishi, tusimuache peke yake. Tumupeleke ku lupitali, kwa munganga wa akili. Jina la hali yake, hata ikikuja kwa kuchelewa, inaweza kumutua muzigo.