Paka na Sufuria ya Sombe

Sikilizeni, watoto. Jioni moja huko Manika, mjini Kolwezi, sombe ilikuwa ikichemka jikoni, mawese mekundu yakielea juu. Msichana wa nyumba hiyo alichota kijiko kizima cha mafuta yale, akayamimina juu ya bukari ya paka.

"Nkambo," akamwambia mama wa mama yake, "paka wetu amekonda. Ninamnenepesha."

Bibi hakumgombeza. Aliuliza tu: "Tulimleta paka hapa afanye nini?"

"Akamate panya wanaotoboa mifuko ya unga."

"Na panya huyo, ukimpasua, utamkuta na mawese tumboni?"

Msichana akacheka, lakini swali lilikuwa zito. Paka ni mwindaji. Mwili wake umeumbwa kwa kula nyama ya mnyama mzima, pamoja na mafuta yake. Kwa hiyo mafuta yenyewe si sumu kwake. Tatizo ni kiasi, na vile vinavyoandamana nayo.

Tuanze na kiasi. Paka wa kilo 4 hutosheka na kaloria 200 hadi 250 kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kaloria kama 120, karibu nusu ya chakula chake cha siku. Kwa mtu mzima, hiyo ni sawa na kunywa vijiko vinane. Paka akipewa mafuta mengi ghafla, hutapika na kuhara. Akizoeshwa kila siku, hunenepa kupita kiasi na anaweza kupata kisukari. Tena paka mnene akisusa chakula siku kadhaa, mafuta ya mwilini hujaa kwenye ini, na hilo huweza kumuua.

Halafu kuna ule wekundu wa mawese. Ninyi mkila, miili yenu huugeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho. Paka hawezi kuugeuza. Vitamini A yake lazima itoke kwa mnyama, hasa kwenye ini. Anahitaji pia taurini, iliyomo katika nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Bukari yenye mawese humjaza tumbo tu.

Sasa tazameni ndani ya sufuria. Vitunguu na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na kuvipika hakuondoi sumu hiyo. Makayabu yana chumvi nyingi mno. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyochoma koo na utumbo. Samaki aitwaye thomson ana mafuta mengi: kipande kidogo kilichochemshwa, bila miiba, si kibaya, lakini paka asiyekula kingine ila samaki wa mafuta huishiwa vitamini E, na mafuta yaliyo chini ya ngozi yake huvimba na kuuma.

Basi, kabla mama hajatia chumvi na vitunguu, mwombeni kipande cha nyama iliyochemshwa, au ndakala wachache waliooshwa chumvi vizuri. Mwekeeni paka na maji safi. Na mkimwona amelegea, ufizi umekuwa mweupe, au anatapika bila kukoma, mpelekeni kwa daktari wa mifugo mapema. Mwambieni ukweli wote kuhusu alichokula, hata kama mafuta mliyachota bila ruhusa.